Nataka kusoma historia ya uchumi, mada yangu ni kufa kwa mkonge. Nani aliuua?

#1 MtotoWaMuheza

Wakuu salaam. Nina shahada ya kwanza ya ualimu (historia na jiografia) na nimeanza kuomba nafasi ya uzamili. Nataka kujikita kwenye historia ya uchumi, na mada iliyonikaa moyoni ni mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa takribani tani 230,000, tukiwa wa kwanza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na kama tani 20,000. Nimekulia kati ya Muheza na Ngomeni, nimecheza juu ya reli za troli zilizomezwa na majani, na babu yangu aliletwa huku kutoka Kibondo akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba.

Nilipopeleka wazo kwa mwalimu mmoja aliniambia swali hilo lilishajibiwa zamani: serikali ilitaifisha 1967, mashamba yakafa. Mwalimu wa pili naye akasema lilishajibiwa, ila jibu lake ni kamba za plastiki. Majibu mawili, na kila mmoja ana uhakika na lake. Nikaona basi kazi ipo.

Naomba msaada kwa haya: niombe Idara ya Historia au Uchumi? Nyaraka nianzie wapi? Na ninyi mnaonaje, mkonge uliuawa na nini?

#2 Kipanga_TZ

Mwalimu wa kwanza kamaliza. Shamba lilikuwa na mwenyewe, likawa halina mwenyewe. Meneja anayelipwa mshahara uleule avune asivune, atahangaika na nini? Andika hivyo upewe shahada yako.

#3 Ngerengere

Kipanga, tarehe zinakukatalia. Azimio la Arusha ni Februari 1967, na mashamba ya mkonge yalichukuliwa Oktoba mwaka huohuo. Bei ilianza kuporomoka baada ya 1964, na kufikia 1967 ilikuwa imepoteza karibu nusu. Wakulima wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambao ndio waliokuwa wakinunua mkonge wetu kufungia majani ya mifugo na ngano, walikuwa wameanza kupewa kamba za plastiki ya polipropilini. Hizo hazina panya, hazina kuoza. Baadhi ya wenye mashamba walikuwa wameshapunguza matumizi kabla serikali haijagusa kitu. Huwezi kumlaumu daktari aliyeingia wodini mgonjwa akiwa taabani.

#4 Kipanga_TZ

Huyo daktari alikaa wodini miaka thelathini, Ngerengere. Tani 200,000 hivi mwaka 1970, chini ya 90,000 mwaka 1980, kama 30,000 katikati ya miaka ya themanini. Mgonjwa kafia mikononi mwa nani?

#5 Voi_Kwetu

Habari jirani zangu. Huku Kenya hatukutaifisha makonge, na plastiki ilitugonga vilevile. Uzalishaji wetu ulishuka mwisho wa miaka ya sitini, kisha ukashikilia. Mwatate na Vipingo makonge yapo hadi leo, na miaka ya themanini tukawapita (poleni kwa kugusa kidonda).

Lakini msikimbilie kutufanya ushahidi. Upande wa Thika makonge yaling'olewa, ardhi ikapandwa mananasi. Mwenye shamba aliangalia bei, akabadilisha zao. Ukihesabu tani za makonge utaandika kwamba Thika ilianguka. Ukihesabu mfuko wa mwenye shamba utaandika kinyume chake. MtotoWaMuheza, kabla hujauliza nani aliua, amua kwanza unapima uhai wa nini: zao, shamba, kampuni, au watu waliokuwa wakila kutokana na shamba.

#6 Kipanga_TZ

Voi umenibeba bila kujua. Plastiki ilipiga nchi mbili, ya pili ikasimama, ya kwanza ikalala. Tofauti yake ni ipi kama si utaifishaji?

#7 BintiHesabu

Tofauti ni nyingi tu, Kipanga. Kenya ilikuwa na mkonge kidogo kuliko sisi tangu mwanzo. Sera ya mishahara ni tofauti, thamani ya shilingi ni tofauti, nguvukazi ni tofauti. Ukilinganisha nchi mbili zenye tofauti kumi huwezi kuchagua moja uipendayo ukasema hiyo ndiyo.

Mimi nilisoma uchumi, na kinachonisumbua kwenye hoja zote mbili ni mwaka 1974. Mafuta yalipanda bei baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, plastiki inatokana na mafuta, kwa hiyo kamba za plastiki zikawa ghali na bei ya mkonge ikaruka juu sana. Kama tatizo lilikuwa plastiki, hapo ndipo tungefufuka. Hatukufufuka, tuliendelea kushuka.

Sasa Kipanga asishangilie. Mkonge si mchicha. Ukiupanda leo, mkato wa kwanza ni baada ya miaka mitatu hivi, halafu unakata kwa miaka kadhaa mpaka mmea utoe mlingoti na kufa. Tani za mwaka 1974 zilitokana na miche iliyopandwa mwisho wa miaka ya sitini, wakati bei iko chini kabisa. Asiyepanda 1967 hana cha kukata 1974, awe mzungu, awe Mhindi, awe serikali. Kwa hiyo swali la maana, kwa maoni yangu, ni nani aliacha kupanda upya na aliacha mwaka gani. Takwimu za jumla za nchi hazikwambii hilo.

#8 Ngerengere

Hapo BintiHesabu kasema. Naongeza: mkonge ukiwa mzuri shambani lakini hakuna vipuri, hauna faida. Miaka ya sabini mwishoni fedha za kigeni hazikuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, mafuta yakapanda tena. Troli bila injini na korona (mashine ya kuchuna nyuzi za mkonge) bila bearing ni vyuma chakavu.

#9 Mzee_wa_Hale

Nimesoma mpaka hapa. Wengi mnaongea tani, wachache mmesimama kwenye korona, kwa hiyo niwaeleze kidogo ili kijana ajue anachotafuta kwenye mafaili.

Mkataji anaingia shambani alfajiri na kisu. Anakata majani ya chini, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga mizigo ya majani thelathini thelathini, anaipanga kwenye njia ya troli. Jani likishakatwa halisubiri. Likikaa siku mbili tatu linakauka na singa (nyuzi zake) zinaharibika. Kwa hiyo troli ikikwama asubuhi, kazi ya jana ya watu wote imepotea. Korona inakula maji mengi mno, na katika uzito wa jani zima singa ni kama asilimia 2 hadi 4 tu, kilichobaki ni maji na machicha. Singa zinaanikwa kwenye waya, zinakwenda brashi, zinapangwa madaraja, zinafungwa marobota ya kilo 250.

Maana yake shamba la mkonge ni kiwanda kilichotandazwa porini. Kahawa ya Mchagga inaweza kuvumilia mwaka mbaya, mzee akaiacha akarudi baadaye. Korona ikisimama miezi sita, wataalamu wake wameshaondoka na mkonge umeshapitiliza umri. Mimi sisemi aliyeua ni nani. Nasema mkonge ni rahisi kuuawa na kitu chochote kati ya hivyo mlivyotaja.

#10 MtotoWaMuheza

Shikamoo Mzee wa Hale. Ahsante sana, hayo ya troli sikuyakuta kwenye kitabu chochote nilichosoma.

#11 Mlimani_76

Kijana, nirudi kwenye swali lako la idara, maana watu wamelirukia la mauaji.

Idara ya Historia Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ilianza 1964 chini ya Terence Ranger, chuo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Baadaye Walter Rodney akafundisha hapo mpaka 1974. Wakati wetu historia ya uchumi ndiyo iliyokuwa historia yenyewe: nani alilima, nani alilipwa, nani alibeba faida ikaenda wapi. Kuhusu mkonge usipite bila kusoma utafiti wa manamba wa Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago uliotoka 1983, Rodney akiwa ameshauawa kwao Guyana. Hapo utaona watu walivyochukuliwa kutoka mikoa ya mbali na masharti waliyofanyia kazi. Babu yako wa Kibondo yumo humo, ingawa hakutajwa.

Ushauri wangu ni Historia, ukachukue kozi mbili za takwimu Uchumi. Mwanahistoria asiyejua kusoma jedwali hudanganywa na jedwali, na mchumi asiyeingia Nyaraka hudanganywa na aliyelichapa.

Kuhusu nyaraka, anza na Nyaraka za Taifa, Upanga, mtaa wa Vijibweni. Mafaili ya Kijerumani yapo, ya Sekretarieti ya Kiingereza yapo, na vitabu vya wilaya pia. Sheria ya 2002 inafungua kumbukumbu za serikali baada ya miaka 30, kwa hiyo kipindi chako kimefunguka kisheria. Kufunguka kisheria na faili kuonekana mezani ni mambo mawili. Nenda na barua ya chuo, nenda na subira, na uwasalimie vizuri wale wa chumba cha kusomea, wao ndio wanaojua faili gani liko wapi. Kisha Afrikana, mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Mlimani: ripoti za mwaka za Idara ya Kilimo, na karatasi za ERB (ofisi ya utafiti wa uchumi ya chuo) za miaka ya sitini na sabini. Nyingi zimeandikwa wakati mkonge unaanguka, na watu waliokuwa wanauona.

#12 Kisiwa_cha_Toten

Mnaongelea kufa kwake, mwongelee na kuzaliwa. Mkonge uliletwa na Wajerumani kutoka Brazil wakaanzia Tanga.

#13 AmaniUsambara

Si Brazil, ndugu. Aliyeuleta ni Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa ile kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, mwaka 1893. Mmea asili yake ni Mexico, lakini miche aliipata Florida. Waliagiza miche 1,000, ikapita Hamburg, iliyofika hai huku ni 62, ikapandwa upande wa Pangani. Brazil inaingia kwenye hadithi hii baadaye kama mshindani. Wakulima wadogo wa Bahia wanachuna mkonge kwa mashine ndogo wanayoihamisha shamba kwa shamba, hawana gharama za kambi wala reli. Hao nao muwaweke kwenye orodha ya washukiwa, maana ndio waliotupokonya nafasi ya kwanza.

#14 Voi_Kwetu

62 tu? Na kutoka hapo mkafikia tani laki mbili na zaidi. Hiyo ni mada nyingine ya uzamili.

#15 BintiHesabu

Kuhusu hizo tani: MtotoWaMuheza utakutana na vitabu vinavyosema 230,000 na vingine 234,000 kwa mwaka uleule 1964. Kabla hujaandika ukurasa mzima kuhusu udanganyifu wa takwimu, angalia kipimo. Waingereza walitumia tani yao ya kilo 1,016. Tani 230,000 za Kiingereza ni kama 233,700 za metriki. Uliza hivyo kila ukiona jedwali: tani ipi, mwaka wa kalenda au wa fedha, kilichopimwa ni uzalishaji au mauzo ya nje? Robota linaweza kuzalishwa Desemba likapakiwa meli Tanga mwezi Machi.

#16 Mlimani_76

Nakubali. Na paundi nazo vilevile. Ripoti za zamani zinaandika paundi, za baadaye shilingi.

#17 Rupia_na_Heller

Mlimani umenifungulia mlango kwa hilo la paundi. Mnatafuta muuaji Oktoba 1967, mtazame na Novemba 1967. Uingereza ilishusha thamani ya paundi kwa asilimia 14 na ushee. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuifuata. Paundi moja iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Mkonge ulikuwa unauzwa London kwa paundi, mshahara wa mkataji unalipwa kwa shilingi. Chukua tani ya paundi 70: kabla ni shilingi 1,400, baada ni 1,200. Mwezi mmoja tu baada ya kutaifisha! Hapo utenganishe vipi kosa la serikali kama mmiliki na uamuzi wa sarafu?

#18 BintiHesabu

Hoja nzuri, ila umechukulia bei ya London ilisimama palepale kwa paundi. Sarafu ikishuka, bei ya bidhaa ya kimataifa nayo mara nyingi hupanda kwa sarafu hiyo. Inabidi kuangalia bei mwezi kwa mwezi, 1967 na 1968. Halafu kumbuka Kenya nayo haikushusha, kwa hiyo hili haliwezi kueleza tofauti yetu na Kenya. Ukitaka sarafu kama mshukiwa, nenda miaka ya 1979 hadi 1986. Kipindi hicho shilingi rasmi na ya mtaani zilikuwa mbali mno, na muuza nje alilipwa kwa ile rasmi.

#19 Rupia_na_Heller

Sawa, lakini Kenya makonge hayakuwa na uzito huo kwenye uchumi wao. Sisi ndiyo yalikuwa fedha za kigeni za kutegemewa. Pigo moja halina uzito sawa kwa wawili.

#20 Mama_Korogwe

Naona wote mnahesabu mpaka senti, mtu amesahaulika. Mama yangu alikuwa anaanika singa, baba alikuwa mkataji. Nyumbani tulikuwa na kadi ya kazi, kipande, cha siku thelathini. Ukimaliza siku thelathini unalipwa, ukikosa siku hazihesabiwi. Watu walikuwa wanahesabu vipande, kalenda ilikuwa ya wenye ofisi.

Baada ya Uhuru mishahara ya chini ilipanda, na ilipanda kwa haki kabisa, vyama vya wafanyakazi vilipigania. Wenye mashamba wakajibu kwa kuongeza kazi ya siku na kupunguza watu. Ile ofisi ya kuandikisha manamba iliyoanza 1944, SILABU, ikafungwa. Waha, Wabena, Wangoni waliokuwa wanakuja kwa mkataba hawakuja tena kama zamani. Kijana wa Kasulu akishakuwa na shamba lake la kahawa au tumbaku, kwa nini aje kuchomwa na miiba Korogwe? Mimi nasema mkonge ule wa tani 230,000 ulisimama juu ya watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kupata pesa ya kodi. Njia nyingine zilipopatikana, watu wakaondoka. Uwe umetaifishwa usiwe umetaifishwa.

#21 Ngerengere

Mama, hii ni hoja nzito. Lakini kuna swali: wafanyakazi wengi walipungua kabla ya 1967, na uzalishaji bado ulikuwa juu. Watu wachache walikata karibu mkonge uleule. Hapo nguvukazi inaelezaje anguko la baadaye?

#22 Mama_Korogwe

Kwa sababu waliobaki walikuwa wazoefu waliokwishakaa makambini miaka mingi, wanangu. Hao walikuwa wanakata. Watoto wao, yaani sisi, tulikwenda shule. Baba alipochoka hakuna aliyeshika kisu chake.

#23 Kutoka_Ruyigi

Salaam kutoka Burundi. Hata kwetu wazee walikwenda Manamba, wengine hawakurudi, na ndugu zetu wako Tanga mpaka leo. Kwa utafiti: usiangalie Dar es Salaam peke yake. Wabelgiji walikuwa wanaandika kuhusu watu wanaovuka kwenda Tanganyika maana waliona wanapoteza walipa kodi. Kumbukumbu za utawala wao ziko Brussels, kwa Kifaransa. Msumbiji nako ni vivyo hivyo kwa Wamakonde, utahitaji Kireno.

#24 Chapa_Kazi

Swali dogo nje ya mada: ukimaliza hiyo historia ya uchumi unaajiriwa wapi? Maana naona mnamtia kijana moyo na hakuna anayetaja mkate.

#25 AmaniUsambara

Chapa Kazi kafika na tumbo lake. Nawajua waliosoma hivyo wakaishia benki, wizara ya mipango, magazeti ya biashara na vyuoni. Mtu anayeweza kusoma takwimu za miaka hamsini na kukuambia zipi za kuamini anahitajika. Serikali yenyewe sasa inahimiza wakulima wadogo walime mkonge, miche inagawiwa. Mtu wa kuwaeleza kilichotokea mara ya kwanza hapaswi kukosa kazi.

#26 Chapa_Kazi

Hapaswi. Haya tutaona.

#27 Kipanga_TZ

Kwenye hao wakulima wadogo: ndiyo Brazil hiyo anayoisema Amani. Kwa nini hatukufanya hivyo 1967, tukagawa mashamba kwa watu badala ya kuyakabidhi shirika la serikali?

#28 Mzee_wa_Hale

Kwa sababu ya korona kubwa na reli, nilishaeleza. Kugawa heka ni rahisi. Korona utaigawa vipi?

#29 Lichterfelde

Niko Ujerumani kwa masomo. Mafaili ya ofisi ya makoloni ya Kijerumani yako Berlin-Lichterfelde, kundi R 1001, na sehemu kubwa imeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo unaweza kuyasoma ukiwa Muheza. Tatizo ni mwandiko. Yaliyochapwa kwa taipu yanasomeka, yaliyoandikwa kwa mkono ni mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani vijana hawausomi. Jifunze mapema. Kwa kipindi cha Waingereza, barua kati ya London na Dar es Salaam ziko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kundi CO 691. Humo ndimo utakuta habari za vita vya pili: Wajapani walipochukua Ufilipino na visiwa vya Waholanzi (Indonesia ya leo) 1942, mkonge wetu ukawa mali ya vita, Uingereza ikanunua wote kwa bei iliyopanga yenyewe na watu wakapelekwa mashambani kwa amri.

Naongeza hili kwa sababu hapa wote mmeanzia 1964. Ukianzia 1942 utaona kilele cha 1964 kilijengwa na vita, kisha vita vya Korea vilivyorusha bei mwaka 1951. Labda kisichokuwa cha kawaida ni kile kilele.

#30 Mlimani_76

Lichterfelde, hiyo ni hoja ya kuandikia tasnifu. Ila uangalie isije ikawa kisingizio. Mtu aliyefukuzwa kambini 1985 bila malipo ya mwisho hatasikia kwamba kilele hakikuwa cha kawaida.

#31 MtotoWaMuheza

Nimesoma yote mara mbili na daftari pembeni. Nashukuru sana. Nilichoamua, mnirekebishe: nitaacha "nchi" nichukue mashamba mawili jirani, lililotaifishwa na lililobaki mikononi mwa watu binafsi, ardhi na mvua zilezile, 1960 hadi 1975. Kipimo changu cha kwanza kitakuwa hekta zilizopandwa upya kila mwaka, kama alivyosema BintiHesabu. Wakiacha kupanda mwaka mmoja wote wawili, basi ni bei. Akiacha mmoja tu, Kipanga atanunua soda.

#32 Kipanga_TZ

Nitanunua kreti.

#33 BintiHesabu

Mpango mzuri, una tundu moja. Serikali haikuchagua mashamba kwa kura. Kama ilichukua yaliyokuwa yameshachoka, au kinyume chake ikachukua mazuri zaidi, basi mashamba yako mawili hayakuwa sawa hata kabla ya Oktoba 1967. Anza na hali yao ya 1960 hadi 1966. Na usisahau kwamba mwenye shamba binafsi naye aliona jirani yake akichukuliwa. Hofu ya kuchukuliwa kesho inatosha kumzuia mtu kupanda mmea wa miaka kumi.

#34 Ngerengere

Na daftari hizo za upandaji utazipata wapi? Za makampuni zilikwenda Ulaya na wenyewe, za shirika la serikali, nyingine zimeliwa na mchwa kwenye ofisi za mashamba.

#35 Binti_wa_Karani

Naandika kwa niaba ya baba, alikuwa karani kwenye shamba moja upande wa Ngomeni, nimemsomea uzi huu wote. Anasema daftari za upandaji zilikuwepo, kila bloku na tarehe yake, aina ya mche (ya kawaida au ile chotara 11648 kutoka kituo cha Mlingano), na idadi ya mikato. Anasema kwao kupanda upya kulisimama 1965, kabla ya serikali, meneja akisema wanasubiri bei. Kilichoendelea ni kukata tu, na walikata mpaka majani machanga. Daftari moja analo, lilikuwa linatumika nyuma kuandikia madeni ya duka.

#36 Mzee_wa_Hale

Mwambie mzee namsalimu sana. Kwetu sisi haikuwa hivyo. Tulipanda mpaka 1969, tena chotara nzuri, na tuliendelea chini ya shirika. Kilichotukwamisha ni trekta za kung'oa visiki vya mkonge wa zamani, hazikupata vipuri. Bei haikutajwa hata siku moja.

#37 MtotoWaMuheza

Shikamoo kwa mzee, dada. Tafadhali hilo daftari lisiwekwe juani wala lisikopeshwe mtu, hata mimi. Nikija nitapiga picha kila ukurasa hapohapo mbele yake, na ya madeni ya duka pia, maana hizo ni bei za unga na kitambaa. Mzee wa Hale, naomba na kwako nije. Swali kwa wote wawili: mwaka 1965 mashamba yenu yalikuwa ya nani, na meneja alikuwa anapeleka ripoti wapi?

#38 Binti_wa_Karani

Amelala. Nitamuuliza asubuhi.